Mrejesho: ruzuku ya jiji ya kukarabati duka

Wakuu, niliuliza kama niombe ruzuku ya jiji ya kukarabati mbele ya duka langu, wakati mtaa wetu wa katikati ya mji umedorora. Mlisema niombe, ila nisome masharti kwanza. Ahsanteni, maana masharti ndiyo yaliyonitoa jasho.

Hela hupewi mkononi. Unamlipa fundi kwa fedha zako, unapeleka stakabadhi, ndipo wanakurudishia sehemu tu. Na ulichofanya kabla ya kibali hakihesabiwi: rangi na bango nilishanunua, hiyo hasara nimeibeba mwenyewe. Mwenye jengo naye ilibidi asaini, nami nikambana aandike kwamba hatapandisha kodi mwaka mzima kisa duka limependeza. Alinuna, akaandika.

Wateja? Jioni wameongezeka kidogo. Kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni jirani aliyefungua fremu iliyokuwa tupu.

Sasa kuna wazo la tozo ya pamoja ya usafi na ulinzi wa mtaa, mtindo ulioanzia Bloor West Village, Toronto, mwaka 1970. Wapangaji tunahofia wenye majengo watatusukumia sisi. Kikao ni wiki ijayo.