Wakuu, nitajuaje kama Iowa wataacha kukimbia-kimbia msimu huu wa 2025? Ushauri wa haraka tafadhali

MweweMweusi
Wakuu heshima kwenu, hasa mnaofuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo na mlioko huku Iowa. Kuna jambo linaninyima usingizi. Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, nawapenda, ila ule mtindo wa dauni ya kwanza (jaribio la kwanza kati ya manne ya kupata yadi kumi) kukimbia, ya pili kukimbia, ya tatu pasi fupi isiyofika popote, halafu panti (kuupiga mpira mbali kwa mguu na kumwachia adui), umenichosha roho. 2023 nilikuwa uwanjani tukiwafunga Nebraska 13-10 na bado nikatoka nimenuna. Sasa msimu unaanza tarehe 30 Agosti na Albany, na tarehe 6 Septemba tunakwenda Ames kwa Iowa State. Swali: kuna dalili gani za kuaminika kwamba kocha wa ushambuliaji Tim Lester na kwotabeki (mrushaji mkuu) mpya Gronowski watarusha mpira na pointi zitapanda? Nina uamuzi wa pesa mbele yangu, tiketi na mambo mengine. Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Taitiendi_Mstaafu
Mkuu, kukimbia hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye hesabu ya watu. Chakula kikuu cha Iowa ni zoni ya nje: laini nzima ya wazuiaji na taitiendi (mzuiaji wa pembeni anayeweza pia kudaka pasi) wanapiga hatua ya kwanza upande mmoja kwa pamoja, mkimbiaji anamsoma beki wa pembeni. Beki akibanwa ndani, mpira unatoka nje. Akikimbilia nje, mkimbiaji anakata ndani. Safi kabisa ubaoni.

Sasa hesabu. Ukiweka taitiendi wawili, pamoja na watano wa laini, una wazuiaji saba. Adui akijaza watu wanane kwenye boksi, pale katikati karibu na mstari, mmoja anabaki huru, maana kwotabeki akishakabidhi mpira anageuka mtazamaji. Huyo wa nane ndiye anayemlaza mkimbiaji wako kwenye yadi ya pili, kila siku. Unamwondoa kwa kumtisha (unajifanya unakabidhi mpira kisha unarusha nyuma yake), au kwa kumhamisha (mchezaji wako anakatiza uwanja kabla mpira haujatolewa, naye analazimika kumfuata), au unamfanya kwotabeki awe mkimbiaji ili hesabu ilingane. Hilo la pili Lester alikuja nalo 2024, na Gronowski anakupa la tatu. Kwa hiyo mkimbio utabaki mwingi, ila wenye akili.

Ukitaka kupima mwenyewe, usihesabu pasi. Dauni ya kwanza, mkimbio ukipata nusu ya yadi zinazohitajika umefaulu. Ya pili, asilimia 70 ya zilizobaki. Ya tatu na ya nne, zote. Andika robo ya kwanza tu kwenye daftari. Mikimbio ya dauni ya kwanza ikifaulu chini ya minne kwa kumi, utaanza kuona dauni ya tatu na yadi nane, na hapo hata malaika akirusha haisaidii.

PantiNiSilaha
Mnalalamika nini nyie? 2023 Tory Taylor alipiga panti jumla ya yadi 4,479, akavunja rekodi ya nchi nzima iliyokaa tangu 1938. Timu gani nyingine ina mshambuliaji wa kiwango hicho?

Halafu huyo Gronowski mnayemsubiri ndiye alikuwa kwotabeki wa South Dakota State ile 2022 tulipowafunga 7-3 bila tachidauni (kuufikisha mpira eneo la goli, pointi 6) hata moja. Fildi goli (teke la pointi 3) na safeti mbili (pointi 2 kila moja, kwa kumwangusha adui ndani ya eneo lake la goli). Amekuja kujifunza kutoka kwa mabingwa.

Kadeti_wa_Hudson
Wanaodhani mkimbio ni ushamba wawaangalie Army, timu ya chuo cha jeshi. 2024 walimaliza 12-2 na ubingwa wa kanda katika msimu wao wa kwanza humo, na Bryson Daily, kwotabeki, akaingiza tachidauni 32 kwa miguu. 2018 walikwenda Oklahoma wakaushika mpira takriban dakika 45 kati ya 60, wakapoteza 28-21 kwenye muda wa ziada tu. Siri yao ni kwamba beki mmoja wanamwacha bila kumzuia kwa makusudi, kisha kwotabeki anamsoma: akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira, akibaki kwa kwotabeki, mpira unaondoka. Wazuiaji wamebaki walewale, lakini adui amepungua mmoja. Wengi wanashindwa kwa kuiga mchoro bila mazoezi ya kukabidhi. Ukichelewa kuachia, mpira unaanguka chini.

MzeeWaTakwimu
Kadeti hayo hakuulizwa. MweweMweusi, mtu anayenunua kiti uwanjani haulizi pointi, anauliza kiti kiko mstari wa ngapi. Wewe umeuliza pointi, na una haraka ya Jumamosi. Funguka.

MweweMweusi
Mzee una macho. Sawa, nimeweka kitu kidogo. Ova ya pointi 41 na nusu, yaani dau kwamba pointi za timu zote mbili zitazidi hapo, Iowa State dhidi ya Iowa. Ila nimefanya utafiti. Iowa walitoka wastani wa pointi 15 na kidogo 2023 wakafika zaidi ya 27 mwaka jana. Gronowski ana ubingwa mara mbili. Hesabu inakubali.

MzeeWaTakwimu
Kitu kidogo ni shilingi ngapi za huko? Na ni cha nani?

MweweMweusi
Dola 600. Ni nusu ya fungu la kikundi chetu cha upatu, mimi ndiye mweka hazina. Zamu inayofuata ni tarehe 15 Septemba, mechi ni tarehe 6, pesa itakuwa imerudi na faida juu. Sijaiba, imezunguka tu. Nilichotaka ushauri ni kama niongeze ile nusu nyingine. Tafadhali tusiingize mahubiri.

Shangazi_DesMoines
Mwanangu, mahubiri utayapata hutaki utayapata. Pesa ya upatu ni amana. Kuna mtu amepanga kodi ya nyumba kwa hiyo zamu, mwingine nauli ya kumleta mama yake. Kubeti kwa waliotimiza miaka 21 kunaruhusiwa Iowa tangu 2019, lakini kuruhusiwa kubeti chako si kuruhusiwa kubeti cha wenzio. Unauliza uongeze? Mimi nakuuliza funguo za hilo sanduku alikupa nani.

Taitiendi_Mstaafu
Shangazi kasema la kwake, mimi nimalizie la kiufundi, maana dau lenyewe ni bovu hata kama pesa ingekuwa yako.

Tazama timu hizi mbili zinapokutana. 2022: 10-7. 2023: 20-13. 2024: 20-19. Jumla 17, 33, 39. Hakuna hata moja iliyofika 42, na unahitaji 42.

Sababu ni saa. Mkimbio unaoishia ndani ya uwanja hausimamishi saa, na timu ina sekunde 40 za kuandaa mchezo unaofuata, Iowa huzitumia karibu zote. Tena tangu 2023 saa haisimami baada ya kupata dauni ya kwanza mpya, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Chukulia kila timu inapata zamu kumi za kushambulia. Zamu ishirini kwa pointi 42 ni zaidi ya pointi mbili kila zamu, huku panti za Iowa zikimwacha mwenzao aanze karibu na goli lake mwenyewe. Zile pointi 27 za mwaka jana unazojivunia zilitoka miguuni mwa Kaleb Johnson, yadi 1,537 na tachidauni 21 za kukimbia, wakati pasi zao zilikuwa miongoni mwa chache zaidi nchini. Johnson alichukuliwa 2025 na Steelers wa Pittsburgh, timu ya kulipwa. Pointi zilipanda *kwa* kukimbia, mkuu, na aliyezikimbia hayupo.

Odi ya 1.91 kwa 600 inakupa faida ya 546 hivi. Ili usiingie hasara kwa muda mrefu lazima upatie zaidi ya mara 52 kwa 100. Kampuni nyingi zina kitufe cha kutoa dau kabla ya mechi, unakatwa kidogo. Toa, jazia pengo kutoka mshahara wako, usiguse ile nusu nyingine.

MweweMweusi
Nikitoa sasa napata 560. Hizo 40 nani anarudisha? Na mbona mnazungumza kama vile nimeshapoteza?

Kifaru_wa_Lincoln
Samahani wakuu, nimesoma toka juu. Hii ni chai. Mleta mada anasema 2023 alikuwepo Kinnick, uwanja wa Iowa, tukifungwa 13-10. Mechi ile ilichezwa kwetu Lincoln, Nebraska. Marshall Meeder alitumaliza kwa fildi goli ya yadi 38 mwishoni kabisa. Mtu hakuwepo. Na kama hilo ni la kutunga, hata kikundi ni cha kutunga.

PantiNiSilaha
Chai ya maziwa na tangawizi. Leteni maandazi.

MzeeWaTakwimu
Kifaru, taratibu. 2024 nayo iliisha 13-10, na hiyo ilikuwa Kinnick. Kaleb Johnson alidaka pasi fupi akaipeleka yadi 72, na Drew Stevens akamaliza kwa teke la yadi 53 saa ikiisha. Mtu anaweza kuchanganya mwaka.

Kifaru_wa_Lincoln
Aliyeona teke la yadi 53 kwa macho yake haandiki "nikatoka nimenuna". Na tazama ule ujumbe wa kwanza, sasa hivi unasema "nilikuwa uwanjani". Neno Kinnick limeondolewa.

MweweMweusi
Nimerekebisha uandishi tu. Mnaacha swali mnashika mwaka. Kikundi kipo, pesa ipo, mechi ipo. Sina sababu ya kuwatungia.

Mama_Likelemba
Samahani, mimi ni mgeni humu, kijana wangu ndiye kanionyesha. Bwana MweweMweusi, likelemba yetu, yaani upatu, iko Coralville. Tuko watu kumi na wawili, kila mtu dola mia. Mweka hazina wetu havui kofia ya Hawkeyes hata kanisani. Zamu ya tarehe 15 Septemba ni yangu mimi. Dauni sizijui wala taitiendi siwajui. Naomba uandike hapa jina la mtu wa zamu ya tarehe 15 kwenye kikundi chenu.

Taitiendi_Mstaafu
Mkuu, kile kitufe cha kutoa. Sasa hivi, kabla hujajibu.

Shangazi_DesMoines
Mama karibu sana. Usitoke humu, nakuandikia pembeni.

Kifaru_wa_Lincoln
Nafuta kauli yangu ya chai. Kwa muda.

MweweMweusi
Mama, nakupigia.

PantiNiSilaha
Dauni ya nne na yadi mia sita. Huyo anapiga panti.