Wakuu naomba ushauri: utomvu wa paini nachaguaje na napata wapi wa uhakika? Rosini yangu imetoka nyeusi (Mafinga)

Kijana wa Kinyanambo

Kamwene wakuu. Mimi na mwenzangu tuko hapa Mafinga, tumeanzisha karakana ndogo ya kuchemsha utomvu wa paini kwa mvuke, tunatoa tapentaini (kimiminika cha kuyeyushia rangi) na rosini (ile gundi ngumu inayobaki). Mtambo tumechomelewa na fundi, kazi yenyewe tunaijua kiasi maana mwenzangu kasoma kemia. Shida ni malighafi.

Mwezi uliopita nilinunua kilo 60 za utomvu kwa jamaa anayekusanya kwa wagema tofauti tofauti. Bei ilikuwa nzuri nikaona nimepata. Nilipofungua madumu nikakuta uleule utomvu lakini umechanganyika, mwingine mweupe laini kama asali iliyoganda, mwingine wa njano mgumu, mwingine kahawia kabisa, ndani majani ya paini, magamba ya mti na wadudu. Nikasema si utachujwa tu. Tumeuchemsha, tapentaini ikatoka kama lita 5 tu, maji yakatoka lita 9 ambayo hatukuyaweka sisi, na rosini kama kilo 40 rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Wateja wangu ni wawili, mmoja yuko Mbeya pale Soweto anatengeneza vanishi ya fanicha, mwingine anatengeneza nta ya kutolea nywele za saluni. Wote wameikataa, huyu wa nta hata hakuigusa, aliinua kipande juu akakiangalia kwenye mwanga akanirudishia.

Sasa naomba mnisaidie, mtu anachaguaje utomvu kabla hajalipa? Nikanunue kwa nani? Au niachane na utomvu ninunue rosini iliyokwisha tengenezwa kutoka nje niwe nakata na kufunga tu?

Soweto kwetu

Nafuatilia huu uzi, nami nina wazo kama hilo.

Fundi Mitungi

Pole sana mdogo wangu, hiyo hasara naijua, nimefanya kazi ya kuchemsha utomvu miaka kadhaa kabla sijarudi kwenye uchomeleaji. Ngoja nikuulize kwanza, hao wagema walikusanyia kwenye nini, na wewe ulihifadhi kwenye nini, na mtambo wako ni chuma gani? Maana rosini nyeusi mara nyingi ni chuma. Utomvu una asidi, ukikaa kwenye pipa la chuma la kawaida au kopo lenye kutu unakula ile kutu na rangi inaingia humo humo, ukishapasha moto ndo umemaliza. Kwenye mti tumia mifuko ya plastiki, karakana tumia stenlesi, basi. Kama kutu imeshaingia kidogo kuna watu wanatia asidi ya oksaliki wakati wa kuosha utomvu, inashika ile chuma inazama nayo. Anza na gramu moja kwa kilo kwenye sampo ndogo uone, usimwage tu kwa kukadiria, na ile ni sumu, glavu na maji ya kuoshea yasiende kwenye mfereji wa kunyweshea ng'ombe wa jirani.

La pili ni umri. Utomvu mweupe laini ndo mbichi, ule mgumu wa kahawia umekaa mtini au juani mpaka tapentaini imeruka hewani yote. Utomvu mzuri unakupa tapentaini asilimia 15 mpaka 20 ya uzito na rosini karibu 70. Wewe kwenye kilo 60 ulitakiwa upate kilo 9 kwenda juu, umepata lita 5 ambayo ni kilo 4 na kidogo. Hapo jibu unalo, ulinunua maji na utomvu uliokufa.

Kijana wa Kinyanambo

Kaka Fundi shikamoo, mapipa ni ya chuma ya kawaida, yalikuwa na mafuta tukayasafisha. Mtambo wenyewe ni stenlesi sehemu ya juu tu, chini fundi alitumia bati nene la chuma. Nimeelewa sasa.

Fundi Mitungi

Marahaba. Basi hiyo chini ndo inakuua, kabla hujanunua hata kilo moja nyingine badilisha hiyo sehemu. Hata ukiuletea mtambo huo utomvu mzuri wa namna gani, utaharibika palepale.

Bwana Miche

Mimi niko kwenye mambo ya miti huku Mufindi muda mrefu, naomba niongeze kitu ambacho naona hakijaguswa. Unasema utomvu wa paini, paini gani? Shamba la serikali la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi kumejaa aina ya patula, lakini kuna maeneo yana aina za eliotii na karibea. Kwa macho ya mtu wa mbao yote ni paini, kwa mtu wa kemikali ni malighafi tofauti kabisa. Eliotii ndo mti wa utomvu, unatoa vizuri na tapentaini yake ina kemikali ya pinini nyingi, alfa na bita, ndo zinazotafutwa na watu wa kutengeneza manukato na dawa za usafi zenye harufu ya paini. Patula nayo inatoa lakini tapentaini yake huwa na felandrini nyingi, kemikali nyingine, kwa kuyeyushia rangi sawa, kwa mteja wa pinini hataki. Sasa huyo mkusanyaji wako kachanganya miti yote kwenye dumu moja, hata ukipeleka maabara hawakuelezi kitu cha maana maana kesho dumu litakuwa na mchanganyiko mwingine.

Namna ya kuzijua ni rahisi, patula sindano zake nyembamba zinaning'inia kama nywele, mara nyingi tatu tatu, na gome la juu ya mti ni jekundu la kubanduka kama karatasi. Eliotii sindano ni nene ngumu, mbili au tatu pamoja, zimesimama.

Ushauri wangu tafuta mwenye shamba lake mwenyewe lenye eliotii iliyokaribia kuvunwa, ingia naye mkataba ugeme kabla hajakata, yeye anapata hela mara mbili na wewe unajua mti uliotoka. Shamba la serikali ni lazima kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na utomvu ni zao la msitu kwahiyo kusafirisha nako kuna hati yake, usije ukakamatiwa njiani pale Makambako na dumu kumi unaanza kulia. Halafu msimu, huku mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili au Mei, mfuko usiofungwa vizuri juu unajaa maji ya mvua na mgema anakuuzia hayo maji kwa kilo. Kipindi cha baridi kali Juni na Julai utomvu unapungua sana, panga hesabu zako usimuahidi mteja mzigo wa Julai kwa hesabu ya Oktoba.

Mama wa Mikaratusi, Njombe

Hili la Bwana Miche nalitia mhuri. Mimi nakamua mafuta ya mikaratusi huku Njombe, mwaka wangu wa kwanza nilichuma majani ya mikaratusi iliyokuwa jirani, ile mirefu ya nguzo na mbao, grandisi. Nikapata mafuta nikafurahi, nikapeleka sampo, majibu yakaja sineoli, ile kemikali inayofanya kazi ya dawa, ni kidogo mno, wakati mafuta ya dawa yanatakiwa sineoli asilimia 70 na kuendelea. Nililia jamani, kazi ya miezi mitatu. Kumbe ile ya sineoli ni globulusi na ndugu zake, na ile ya majani yanayonukia limau ni nyingine tena, yenyewe ina sitronelali, kemikali ya harufu ya limau, haifanyi kazi ya kifua kabisa. Sasa hivi kila gunia la majani lina kipande cha karatasi, mti gani, shamba gani, limechumwa lini. Vijana wangu mwanzo walinuna ila wamezoea.

Na kuna mwaka nilinunua spiriti kwa muuzaji mmoja wa mjini, dumu limeandikwa vizuri, kumbe limeongezwa maji, nikaharibu mafuta ya mteja. Sikuwa na sampo niliyobakiza wala karatasi yoyote, nilipoenda kulalamika akaniuliza nitathibitishaje ni dumu lake. Sikuwa na jibu. Mdogo wangu, kila mzigo unaoingia chota nusu kikombe weka kwenye chupa ya kioo, andika tarehe na jina la aliyekuuzia, weka kabatini.

Mkemia wa Uyole

Mama umeongea vizuri sana. Naomba nimpe kijana kipimo cha kufanyia hukohuko shambani kabla ya kulipa, hakihitaji maabara. Beba mizani ndogo, chupa ya kioo nyembamba ndefu, na tapentaini yako safi. Koroga dumu zima kwanza mpaka chini, maana maji yanakaa chini na muuzaji atakuchotea juu. Pima gramu 100 za utomvu, ongeza tapentaini gramu 40 hivi, weka chupa kwenye maji ya moto, siyo kwenye jiko, koroga mpaka uyeyuke halafu uache utulie. Utomvu peke yake uzito wake unakaribiana na maji ndo maana hayaachani, ukiulainisha na tapentaini unakuwa mwepesi, maji na mchanga vinashuka chini unaviona kwa macho. Yale maji uliyoyaona chini ya chupa ndiyo usiyolipia.

Kwa rosini yako mwenyewe mteja wa vanishi atakuuliza rangi, joto inapolainika na namba ya asidi, yaani kiasi cha asidi kilichomo. Rosini ya utomvu nzuri namba yake ni 160 na kitu, kulainika kwenye nyuzi 70 na kitu mpaka 80. Mwenzako aliyesoma kemia anaweza kupima namba ya asidi kwa potasiamu haidroksaidi na fenolfthalini, ile inayogeuka pinki kuonyesha kipimo kimefika. Ila hapa ndo watu wanajidanganya, ile potasiamu haidroksaidi ya punje ya maabara kwa kawaida ni kama asilimia 85 tu, iliyobaki ni maji, na ukiacha kopo wazi inazidi kunyonya unyevu. Ukihesabu kama ni asilimia 100 rosini yenye namba 140 itakusomea karibu 165 na utajiona uko vizuri kumbe mteja ataipima kwake na kuirudisha. Kwahiyo soma lebo, usiangalie jina la kemikali peke yake, angalia asilimia na namba ya bechi, na mdai muuzaji COA (cheti cha majibu ya vipimo) ya bechi hiyohiyo, siyo fotokopi ya mwaka juzi. Na usiyeyushie kwa spiriti ya zambarau ya dukani, rangi yake itakuficha ile pinki ya kwenye kipimo.

Halafu, kama wagema wako watatumia ile dawa ya kupaka kwenye jeraha la mti kuchochea utomvu, ile ina asidi ya salfuriki, ni kemikali inayodhibitiwa. Pitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ofisi iko Mbeya, ujisajili mapema. Na utomvu wa dawa hiyo uoshe kwa maji ya moto kabla ya kuchemsha, asidi ikibaki inaharibu rosini na mtambo.

Dar to Tunduma

Mimi nina mtazamo tofauti. Mteja anataka rosini nyeupe sasa hivi, agiza ya nje yenye daraja la rangi la WW au X, ndo zile nyeupe zaidi, ina karatasi zote, rangi haibadiliki mzigo kwa mzigo. Kuhangaika na wagema ni kupoteza muda.

Kijana wa Kinyanambo

Mkuu nimeifikiria hiyo sana. Ila nikinunua rosini nimekosa tapentaini, na wapaka rangi hapa Mafinga wananiulizia tapentaini kila wiki. Tena utomvu uko hapa umbali wa bodaboda, nikishindwa kuutumia mimi niliyezaliwa katikati ya hii miti naona siyo sawa. Labda nichukue gunia moja la nje niwe nalo kama kipimo cha rangi, niweke kipande pembeni ya cha kwangu.

Dar to Tunduma

Hapo sawa, na litakuokoa mwezi ule wa baridi mzigo ukipungua. Mteja usimwache mikono mitupu.

Fundi Mitungi

Kitu kimoja nisisahau, moto. Tapentaini mvuke wake unashika kwenye nyuzi 35 hivi, yaani jua la kawaida la mchana kwenye bati linatosha. Nilishaona kijana anapasha pipa kwa kuni wazi, likafoka, akaungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, mpaka leo hawezi kushika nyundo. Boila ya mvuke iwe mbali na mtungi, ukuta katikati. Matambara yaliyolowa tapentaini yasirundikwe kona, yanajipasha yenyewe mpaka yanawaka. Na usihifadhi kwenye madumu laini ya plastiki, inayalegeza, tumia debe la bati safi au chupa nyeusi, ujaze mpaka juu isibaki hewa nyingi.

Kijana wa Kinyanambo

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita wiki tatu. Chini ya mtambo tumebadilisha, hela imeuma ila tumebadilisha. Nimempata mzee mmoja njia ya kwenda Igowole ana eliotii ya kutosha, tumeandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji, nagema mwenyewe na vijana wawili, mifuko tunaifunga juu na inakusanywa kila baada ya siku kumi.

Mzigo wa kwanza kilo 20. Kipimo cha chupa cha Mkemia nilikifanya palepale shambani mzee akiwa ananiangalia, maji yalikuwa kidogo sana, kama unene wa kidole chini ya chupa, nikamwonyesha na tukakubaliana kukata. Tumechemsha jana. Tapentaini lita 4, rosini kilo 14. Kipande kimoja nimekiweka juu ya risiti ya umeme nikasoma namba zote za tokeni kupitia humo. Bado si kama cha nje nilichonunua, changu kina unjano, ila mwenye vanishi amesema nimpelekee kilo 5 Ijumaa ajaribu.

Mama wa Njombe, chupa za sampo zimefika nne kabatini, zimeandikwa zote. Swali langu lililobaki ni kwa Bwana Miche, huyu mzee anataka kukata miti yake baada ya miaka miwili, je nikigema pande zote mbili za mti sasa hivi nitamharibia mbao?

Bwana Miche

Hapana usianze pande zote. Anza upande mmoja mwaka huu, jeraha lisizidi theluthi ya mzunguko wa mti, mwaka wa mwisho kabla ya kukata ndo unahamia upande wa pili. Na uwe unachubua gome tu usiingie kwenye mbao, mzee akipeleka mashineni atakushukuru.