Naomba ushauri: Mtoto wa darasa la nne kulala kambini shuleni

Ndugu zangu, habari za majukumu. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya kutwa. Kwenye kikao cha wazazi tumeambiwa watoto wote watalala kambini shuleni hadi wamalize mtihani wa upimaji wa taifa. Godoro, chandarua, ndoo na mchango wa chakula ni juu ya mzazi.

Nia ya walimu naielewa, wanataka watoto wafaulu. Lakini mtoto wa miaka tisa alale kwenye darasa lililogeuzwa bweni? Matroni ni nani, na usiku nani analinda mlango? Niliuliza, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi. Mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Je, kambi nayo inahesabika humo?

Kinachoniuma zaidi, vipindi vya michezo vimefutwa kabisa. Mwanangu anapenda netiboli mno, na anatamani siku moja afike UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania.

Mliowahi kukataa kambi, mlizungumzaje na mwalimu mkuu bila mtoto kutengwa darasani? Na walimu mliomo humu, akibaki kusoma mpaka saa kumi na moja jioni kisha arudi nyumbani, haitoshi?