Dawa ya shaba ya "nano" kwenye kahawa, na bwawa la sato liko chini ya shamba

mbuni_N39
Wakuu, salaam. Hekta 1 ya kahawa aina ya N39 mlimani Kilimanjaro, mteremko mkali, chini yake bwawa la sato linalopata maji ya mfereji. Chulebuni (ugonjwa wa kuvu wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani hupulizwa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa wa 1%, lita 1,000 kila mkupuo, mikupuo 5 kwa msimu. Dukani kuna haidroksidi ya shaba inayouzwa kwa jina la nano, yaani ya chembe ndogo mno. Muuzaji anasema kidogo kinatosha na mazingira hayadhuriki. Kuna ukweli gani? Na samaki je?

shaba_kwa_kilo
Nusu ya kwanza ni kweli. Kinachoua kuvu ni ioni za shaba zinazotoka kwenye chembe jani likilowa. Kwa uzito uleule, chembe za nanomita 50 zina eneo la nje mara 100 ya zile za mikroni 5, ndiyo maana gramu chache hutosha, na ioni hutoka upesi.

Nusu ya pili ni biashara. Mkuu, acha kuhesabu kilo za dawa, hesabu kilo za shaba. Mrututu una shaba kama 25%, kwa hiyo kilo 10 za mkupuo mmoja ni kilo 2.5 za shaba, na mikupuo 5 inakaribia kilo 13 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya tangu 2019 unaruhusu kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa 4. Sasa chukua Kocide 3000, dawa ya haidroksidi ya shaba ambayo vipunje vyake vimejengwa kwa vipande vya ukubwa wa nano: haidroksidi 46.1%, shaba halisi 30%. Tuseme kilo 2 kwa hekta mara 5 (huu ni mfano wa hesabu tu, kipimo ni cha kwenye lebo): shaba kilo 3 kwa mwaka. Imepungua, ila bado ipo.

Shaba haiozi. Sentimita 20 za juu za hekta moja ni kama tani 2,400 za udongo, hivyo kilo 13 ikibaki yote huongeza zaidi ya miligramu 5 kwa kila kilo ya udongo, kila mwaka. Nyungunyungu ndio huanza kupungua.

maji_na_tope
Kwa sato, hatari ni shaba iliyoyeyuka, maana hushambulia matamvua. Ila kabla samaki hawajaonyesha dalili, vile vidudu vidogo vya majini vinavyoliwa na vifaranga wa sato huwa vimeshakufa, sababu vinadhurika kwa shaba kidogo zaidi. Maji laini yenye tindikali huzidisha ukali. Maji magumu, au yenye mboji nyingi, huupunguza kwa kuwa mboji hushika ioni. Chembe zenyewe hushuka kwenye tope, na pale pasipo na oksijeni shaba hugeuka salfaidi isiyoyeyuka kirahisi. Ukilivuruga tope kwa kusafisha bwawa, hewa inaingia na sehemu ya shaba inarudi majini.

Ukipeleka maji maabara, uliza wanatumia chujio gani. Chujio la mikroni 0.45 lina matundu ya nanomita 450, na chembe za nano huishia nanomita 100, kwa hiyo chembe zinapita na kuandikwa "shaba iliyoyeyuka". Kuzitenga kunahitaji chujio laini zaidi, la kilodaltoni 3 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli zinazopita). Na asidi ya nitriki ya kuhifadhi sampuli itiwe baada ya kuchuja. Ukiitangulizia, chembe zote zinayeyuka na jibu halina maana.

mbuni_N39
Asanteni. Kuichanganya hiyo haidroksidi ni kama mrututu?

shaba_kwa_kilo
Hapana. Mrututu hutiwa kwenye maziwa ya chokaa, ndani ya ndoo ya plastiki, kisha unatumbukiza msumari safi dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu, ongeza chokaa. Hii ya haidroksidi haitaki chokaa. Jaza bomba maji nusu, tia dawa huku ukikoroga, jaza, na endelea kukoroga, la sivyo inatuama na mstari wa mwisho wa mibuni unapata dozi kali.

Pima pH (kiwango cha tindikali) ya maji kwanza. Chini ya 6.5 ioni hutoka kwa kishindo na majani yanaungua kingo. Kwa sababu hiyo usichanganye na fosetili-alumini (dawa nyingine ya kuvu) wala mbolea ya majani yenye tindikali.

maji_na_tope
Acha ukanda wa majani usiopulizwa kati ya kahawa na mfereji, funga mlango wa bwawa siku ya kupuliza, na usiguse dawa mvua ikinukia. Bomba lioshewe shambani, kamwe si mferejini. Hiyo N39 nayo ndiyo inayokudai mikupuo mitano: mashina yake ya zamani yanaweza kubebeshwa vikonyo vya aina chotara za TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) zinazostahimili chulebuni na kutu.