Minneapolis au Houston, wapi maisha nafuu? Mkataba wa nyumba unaisha

MamaPacha: Habari za jioni wadau. Niko Minneapolis mwaka wa sita, mkataba wa nyumba unaisha mwezi ujao na mume wangu anataka tuhamie Houston, Texas, anasema huko hakuna kodi. Nisaidieni kabla sijasaini tena.

BabaWawili: Dada, kodi ipi, ya pango au ya serikali? Halafu hujasema watoto wangapi, mnafanya kazi gani, magari mangapi. Bila hayo tutakupoteza.

MzeeWaAlief: Ya serikali. Texas jimbo halikati kitu kwenye mshahara, unakatwa ile ya Washington tu. Niko hapa Alief, mtaa wa Houston, miaka 9 na kwenye theluji sirudi hata mnipe nini. Njooni.

Bili_Mkononi: Mzee mwambie yote basi. Kodi ya majengo huko inakaribia asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka, na bima ya mafuriko unanunua kando.

MzeeWaAlief: Anapanga huyu, hanunui!

Bili_Mkononi: Na mwenye nyumba anaitoa wapi kama si kwa mpangaji?

ZuhuraKaty: Mimi nilitoka St. Paul, jirani zenu hapo Minneapolis, nikaja Houston Aprili 2024. Huku kampuni ya umeme unachagua mwenyewe, nikachukua ya bei poa kumbe punguzo unapewa ukifikisha uniti 1,000, na mimi nimezoea kubana, nikazima zima AC nikaishia 940, bili ikaja kubwa kuliko ningetumia zaidi. Nililia. Julai kikaja kimbunga Beryl, siku sita hakuna umeme, nyama yote ya mbuzi niliyoweka kwa sherehe ya binti yangu nikatupa, usiku tunalala kwenye gari watoto wapate hewa. Hizo gharama hakuna anayekutajia.

MamaPacha: Pole sana dada. Pacha wana miaka 4, mkubwa anamaliza sekondari mwakani. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi, mume yuko ghalani (warehouse). Gari moja, mimi napanda basi.

BabaWawili: Hilo ndilo ungeanza nalo! Houston lazima gari la pili, bima yake, mafuta, barabara za kulipia. Na huyo mkubwa: kuna North Star Promise, mpango wa jimbo lenu wa kulipia ada ya chuo, tangu 2024, familia ya chini ya dola 80,000 kwa mwaka haitoi ada chuo cha umma cha Minnesota. Mkihama mnaikosa.

MzeeWaAlief: Na makoti na buti za watoto kila mwaka? Gesi ya kupasha nyumba? Gari kuvutwa siku ya theluji? Hesabuni na hayo. Mimi sukuma nachuma uani kwangu Desemba.

ZuhuraKaty: Desemba kweli? Mbegu unatoa wapi mzee, yangu iliungua yote na jua.

MzeeWaAlief: Ulipanda mapema. Ngoja Septemba mwishoni.

MamaPacha: Mume amesoma yote, amenyamaza tu. Mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa. BabaWawili, hiyo 80,000 ni mishahara yetu wote wawili?

BabaWawili: Yote pamoja. Mnaingiza ngapi?