Chura ukimlaza chali anaganda kama amekufa: tupeane uzoefu

Baba Wawili Tukuyu
Wakuu habari za jioni. Huku kwetu mvua haijakata toka asubuhi na vyura wamejaa uani. Juzi mwanangu wa darasa la kwanza kaja analia kashika chura tumbo juu, anasema baba nimemuua. Namwangalia kweli katulia tuli, miguu imelegea, ila macho wazi na koo linacheza. Nikamwambia mlaze pale kwenye nyasi tusubiri, kama dakika moja hivi akajipindua akarukia migombani huyoo. Hivi kwa nini wanafanyaga hivi? Aliyekutana nayo kwa chura, mjusi, kuku, chochote, atiririke.

Mama Kuku Uyole
Mimi nafuga kienyeji, siku ya chanjo ya mdondo ndo naionaga. Unamlaza kuku chali, unamkandamiza kifuani taratibu, ukiachia mkono anabaki vilevile unamdondoshea tone jichoni wala hahangaiki. Ila nimegundua kitu, wale niliowalea ndani toka vifaranga wamenizoea, hao wanainuka hapohapo. Wanaolala muda mrefu ni wale waoga waoga wanaokimbia hata kivuli cha mtu.

Mwalimu wa Baiolojia, Mafinga
Mama Kuku umegusa penyewe kabisa, ni woga huo. Wengi wanadhani mnyama kazimia au kapata usingizi, hapana, anaona na anasikia kila kitu, ni mwili tu umejifunga kwa sababu kashikwa na hana pa kukimbilia. Mwaka 1646 padri mmoja Mjesuiti, Athanasius Kircher, aliandika habari za kuku aliyelazwa chini akachorewa mstari wa chaki kuanzia mdomoni, kuku akaganda, ikadhaniwa mstari ndo umemfunga. Baadaye ikaonekana hata bila mstari anaganda tu, kinachofanya kazi ni ule mkono uliomkamata. Na sio kuku na chura peke yao, mijusi, mamba, sungura, hata papa baadhi ukiwageuza tumbo juu wanatulia. Faida yake iko kwa adui, wanyama wengi wanaowinda wanasisimka na kitu kinachofurukuta, kikitulia analegeza meno au anageuka kidogo, na hiyo nafasi ndogo ndo mwenzake anaitafuta.

Mtoto wa Pawaga
Kamwene wote. Hilo la kulegeza meno nimeliona kwa macho yangu. Mbwa wetu walimkamata kenge karibu na banda la mbuzi, wakamtikisa weee, mara kenge kalegea kama kamba, ulimi nje. Mbwa wakamnusa nusa wakaona hakuna kitu, mmoja akaenda kulala kivulini. Kaka akamburuta kwa mkia mpaka kwenye jiwe, tukaingia ndani kufuata panga, kurudi jiwe tupu! Bibi akasema huyo ana dawa, mie hadi leo nilikuwa naamini hivyo.

Dada wa Mufindi
Huku msituni kuna vinyonga vidogo rangi ya jani kavu, ukigusa tawi kanadondoka chini kanalala ubavu, usipokariri kameangukia wapi hukaoni tena.

Mwalimu wa Baiolojia, Mafinga
Nawaomba jambo moja, tusiwape watoto huu kama mchezo. Kwa mnyama hiyo ni hofu ya kufa, na chura anapumua kwa ngozi pia, mikono mikavu au yenye sabuni inamuumiza. Na nyoka aliyelala chali msimsogelee kabisa, wapo wanaojifanya wafu na meno yao yanafanya kazi.

Baba Wawili Tukuyu
Ndaga sana mwalimu, nimemsomea dogo yote. Leo jioni paka kamwangusha chura chali pale mferejini, dogo kamfukuza paka halafu kachuchumaa mbali kidogo anahesabu, hajamgusa. Kafika 83 chura akaondoka.