Re: VOW kwenye BRP, na barua ya ukaazi kwa ajili ya raga

Kutoka: Kijana wa Rotterdam Zuid
Jumatatu, saa 4 usiku

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari zenu.

Naandika karatasi ikiwa mbele yangu, na tangu Ijumaa sijalala vizuri. Wanaonifahamu wanajua nacheza raga, ile ya wachezaji 13. Wiki mbili zilizopita kocha aliniambia jina langu limeingia kwenye orodha ya awali ya timu ya taifa ya Uholanzi. Sikuzaliwa hapa, na sina mzazi wala babu wa hapa, kwa hiyo mlango wangu ni mmoja tu, ukaazi. Wanataka uittreksel (nakala rasmi) ya BRP, daftari la wakazi, inayoonyesha nimeishi hapa mfululizo.

Nikaenda dirishani pale gemeente, yaani halmashauri ya mji, na BSN yangu (namba ya mkazi) na kadi ya IND (idara ya uhamiaji), nikijua ni kazi ya dakika 10. Dada wa dirishani akatazama kompyuta, akaniuliza, "Ulirudi lini?" Nikamwambia sijawahi kuondoka. Akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. VOW. Miezi 7 ya mwaka juzi, kwa mujibu wao, niliondoka na haijulikani nilikokwenda.

Miezi hiyo nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu aliyekataa katakata nisijiandikishe kwake. Anwani ya zamani nikaiacha bila kutoa taarifa, na mpangaji aliyenifuata akawa anarudisha barua zangu. Lakini bima ya afya nililipa kila mwezi, mshahara uliingia, na kila Jumamosi nilikuwa uwanjani. Jina langu limo kwenye karatasi za mechi zote, mwamuzi ametia sahihi.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Karatasi za mechi zinakubalika kama ushahidi kwa gemeente? Na watu wa raga wanaweza kupokea vielelezo vingine badala ya BRP? Fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

---

Kutoka: Mama wa Almere
Jumatatu, saa 5 na robo usiku

Marahaba mwanangu, na pole.

Acha raga kwanza. VOW ni moto ndani ya nyumba. Umeangalia toeslag zako, zile ruzuku za serikali, za miezi hiyo? Wanaweza kuzidai zote. AOW nayo, pensheni ya uzeeni, inakatwa asilimia 2. Na ukija kuomba uraia, ile miaka 5 ya mfululizo inaanza kuhesabiwa upya. Mume wangu yalimkuta, tena yeye alikuwa na anwani. Kosa lilikuwa namba ya mlango tu, walimwandika 14 badala ya 14B. Tulihangaika mwaka mzima na miezi miwili. Alikuwa anatoka kazini usiku Schiphol, anaoga, anakwenda kupanga foleni bila kulala. Mpaka leo akiona bahasha ya gemeente mkono unamtetemeka.

Kesho asubuhi nenda tena. Usipige simu, nenda kwa miguu yako.

---

Kutoka: Baba Watatu, Den Haag
Jumanne, saa 1 asubuhi

Mama Almere, kwa heshima zote, tusimtie kijana hofu kwa mambo nusu nusu. Hiyo asilimia 2 ya AOW ni kwa mwaka mzima usiokuwa na bima, si kwa miezi 7. Nimeshaandika hapa mara tatu. Na kwenda dirishani bila karatasi ni kupoteza nauli.

Kijana, sikiliza. Kabla ya kukuandika VOW lazima walifanya adresonderzoek (uchunguzi wa anwani), na mwisho wake kuna uamuzi ulioandikwa. Omba nakala yake. Bezwaar, yaani pingamizi, ina wiki 6 tangu tarehe ya uamuzi. Bila shaka zimeshapita kwa sababu barua ilikwenda kwenye anwani usiyokuwepo. Hilo lenyewe ulieleze kwa maandishi, kisha uombe marekebisho ya BRP. Ambatanisha hati za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha ulikuwa unanunua mkate Rotterdam na si Lisbon, barua za bima na safari za OV-chipkaart (kadi ya usafiri) kama unazo. Wasipokusikiliza nenda Juridisch Loket, ofisi ya ushauri wa sheria, hawatozi kitu.

Na wote mnaosoma, ukihama una siku 5 za kutoa taarifa. Mwenye nyumba akikataa, omba briefadres (anwani ya kupokelea barua). Haya mambo tunayajadili kila mwaka.

---

Kutoka: Dada wa Eindhoven
Jumanne, saa 6 mchana

Hamjambo wote. Baba Watatu ahsante, lakini kijana hajui atapata wapi taarifa za OV za mwaka juzi, zile hazikai milele kwenye mtandao. Mimi nilizikosa.

Nina swali la kando. Hii raga ya watu 13 ni ipi? Mwanangu wa miaka 9 anacheza raga hapa na najua ni 15. Na Uholanzi ina timu ya taifa kweli, au ni marafiki tu wamevaa rangi ya machungwa?

---

Kutoka: Kaka wa Groningen
Jumanne, saa 2 usiku

Dada Eindhoven, ni timu ya taifa kamili, na wachezaji wake wanajilipia mengi kutoka mifukoni mwao. Hilo la "marafiki tu" linaniuma, nilicheza misimu miwili kabla goti halijakataa.

Mwaka 1895, mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda vya nguo. Wakicheza Jumamosi wanapoteza ujira wa siku hiyo, na chama kilikataa wafidiwe. Wakaondoka. Baadaye, mwaka 1906, wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na aliyeangushwa akawa anasimama na kuuburuta mpira nyuma kwa mguu badala ya kuanzisha rundo la watu. Siku hizi kila timu inapewa nafasi 6 za kuangushwa, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani wao. Hakuna lainiauti, ule mpira wa kurushwa kutoka pembeni. Ukijua kukimbia, kukaba na kupokea mpira, unaweza kuingia uwanjani.

Ndiyo maana inaota katika nchi ndogo za raga kama hii. Mchezaji wa raga ya watu 15 anamaliza msimu wake, jua linatoka, mtu mmoja aliyekulia Leeds au Sydney anakuja na mpira na kuwaita wenzake. Hapa Uholanzi zipo Rotterdam Pitbulls, Den Haag Knights, Harderwijk Dolphins. Serbia waliucheza tangu 1953 walipofundishwa na Wafaransa, ukafa, wakaufufua mwaka 2001, na kufikia 2019 Red Star Belgrade walikuwa wanashiriki Challenge Cup ya Waingereza. Ugiriki walifika Kombe la Dunia la 2021.

Uwanja wa kukodi, jezi zinafuliwa nyumbani kwa kocha, na basi la saa 10 alfajiri. Nimeyaishi hayo na sikuwahi kujuta.

---

Kutoka: Msomi wa Leiden
Jumanne, saa 3 usiku

Kaka Groningen, Kombe la Dunia halikuchezwa 2021. Liliitwa la 2021 lakini lilichezwa Oktoba na Novemba 2022, kwa sababu ya korona. Tuwe makini na tarehe.

Na umeruka jambo kubwa zaidi kuhusu Ugiriki. Wale walifuzu wakati serikali yao haiwatambui. Walikuwa wakicheza mechi usiku, mahali pa siri, wakiogopa polisi wasije kuwafukuza uwanjani. Novemba 2019 waliifunga Serbia 82 kwa 6 na kukata tiketi. Utambuzi wa serikali uliwafikia mwaka 2022, mwaka huohuo wa mashindano. Kule Uingereza walipigwa vibaya, 94 kwa 4 na wenyeji, lakini walisimama wakaimba wimbo wa taifa lao mbele ya dunia. Ufaransa nayo, serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wanazi, iliupiga marufuku mchezo huu mwaka 1941 na kuchukua mali zake. Baada ya vita ukarudishwa, lakini kwa miaka mingi haukuruhusiwa hata kujiita raga.

Kijana, nakuelewa. Uko uwanjani, watu wanakuona, karatasi inasema haupo.

---

Kutoka: Kijana wa Rotterdam Zuid
Jumanne, saa 4 usiku

Ahsanteni sana. Baba Watatu, nimeshaomba nakala ya uamuzi. Ila karatasi za mechi, zinakubalika?

---

Kutoka: Ndugu wa Antwerpen
Jumatano, saa 11 alfajiri

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kiswahili changu mutanisamehe.

Huku Ubelgiji jambo hilo tunaita radiation. Polisi wa mtaa anakuja kugonga mlango kuona kama unalala pale kweli. Mimi alikuja mara mbili, mara zote niko kazini bandarini. Akaandika hayupo. Wakanifuta. Kadi ikakufa, benki ikafunga, mtoto akaugua wiki hiyohiyo. Niliweka jina langu kwenye sanduku la barua kwa herufi kubwa, nikaacha namba ya simu kwa jirani, nikaomba ruhusa kazini siku tatu nikae nyumba nimungoje. Siku ya tatu akakuja. Nilimukaribisha chai.

Kijana asikate tamaa. Sisi watu wa Kivu tumekimbia na karatasi ndani ya nailoni, tunajua uzito wake.

---

Kutoka: Mzee wa Utrecht
Jumatano, saa 4 asubuhi

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nipo hapa tangu 1988.

Huyu kijana akirekebisha BRP yake na akatimiza miaka 5, hatua inayofuata ni uraia. Hapo ndipo penye donge. Mkenya, kwao Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia pacha, ingawa Waholanzi kwa kawaida watamtaka auache wa kwao. Sisi wa Tanzania mlango umefungwa pande zote mbili. Nilirudisha pasipoti yangu ya Tanzania nikiwa na miaka 52. Siku ile nilitembea kutoka kituo cha treni mpaka nyumbani, sikuweza kupanda basi na watu. Sasa tunaambiwa habari za hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Mimi nataka kuzikwa Pangani kama mwana wa Pangani, si kama mwenye kadi ya ruhusa.

---

Kutoka: Baba Watatu, Den Haag
Jumatano, saa 6 mchana

Mzee shikamoo. Tunaumia pamoja nawe, lakini uraia pacha una uzi wake hapa, wenye barua zaidi ya 200. Na kuna wanaosamehewa kuacha uraia, kwa mfano aliyeoa au kuolewa na Mholanzi. Tusiseme kila mtu.

---

Kutoka: Kaka wa Groningen
Jumatano, saa 1 usiku

Msomi, nimekusoma, 2022. Lakini na wewe ungemaliza habari yenyewe. Mwaka ule timu za wanaume zilikuwa 16, na 7 kati yake za Ulaya: England, Ufaransa, Wales, Scotland, Ireland, Italia na Ugiriki. Kombe lililofuata lilikuwa liende Ufaransa mwaka 2025; Wafaransa wakajitoa mwaka 2023 kwa sababu ya fedha. Likahamishiwa Australia 2026, timu 10 tu, na za Ulaya ni 2, England na Ufaransa. Miaka ya kujenga imekunjwa kama mkeka. Kijana wa Serbia au wa hapa anafanya mazoezi kwa ajili ya mashindano gani? Wakubwa wa mchezo wanapenda kusema unakua Ulaya, kisha wanapunguza viti.

Na hizi timu ndogo zinasemwa kwamba zinajaza Waaustralia wenye bibi wa Kigiriki au wa Kiitaliano. Ni kweli wapo, na wamesaidia. Italia ya 2013 iliyoifunga Wales 32 kwa 16 Cardiff ilikuwa na wengi wao. Lakini mchezo unakaa pale mchezaji anapolala. Kijana wetu anayefundisha watoto wa Rotterdam Zuid kila Jumatano ana haki kuliko mtu aliyeshuka jana na cheti cha bibi yake. Nasema hivi bila kumchukia mwenye bibi.

---

Kutoka: Dada wa Eindhoven
Jumatano, saa 2 usiku

Kaka, bibi pia ni damu. Wanangu wakija kuchezea Kenya siku moja, itakuwa kwa cheti cha bibi yao wa Vihiga. Usiwafungie.

Mnakumbuka fainali ya raga ya watu 7 kule Singapore, Aprili 2016? Kenya 30, Fiji 7. Nilikuwa na mimba ya huyu wa kwanza, nimekaa peke yangu kwenye chumba cha wanafunzi, kompyuta inakwama kila dakika. Nilipiga kelele mpaka jirani Mchina akaja kugonga kuuliza kama nimeanza uchungu. Nikampigia mama simu, tukalia wote wawili bila kusema neno. Sijawahi kutamani kuwa nyumbani kama siku ile.

---

Kutoka: Kijana wa Rotterdam Zuid
Alhamisi, saa 3 usiku

Dada, mimi nilikuwa Kakamega, kidato cha pili. Tulitoka nje na mvua, tukacheza kwenye tope mpaka mwalimu wa zamu akaja na tochi. Ndiyo siku niliyoamua.

Taarifa. Nakala ya uamuzi nimeipata. Nimeandika barua ya marekebisho kama alivyonielekeza Baba Watatu, nimeituma leo kwa posta ya kusajiliwa, na hati 7 za mshahara na taarifa za benki. Karatasi za mechi nimeziweka pia, 19, kocha amezipiga muhuri wa klabu. Kocha anasema ataandika kwa watu wa shirikisho lakini hajui watajibu nini. Kama kuna aliyewahi kutumia karatasi za mechi, mahali popote, naomba aniambie.

Jumamosi tunacheza nyumbani, saa 9 alasiri. Hakuna kiingilio.

---

Kutoka: Mama wa Almere
Alhamisi, saa 4 usiku

Nitakuja na mume wangu, zamu yake inaisha asubuhi. Dada Eindhoven mlete mtoto wako wa miaka 9. Naleta mandazi na chai ya tangawizi. Anayekuja na gari kutoka upande wa Utrecht ampitie Mzee.